Sanduku la Bibi Halikuwa na Namba



Wiki chache nyuma aliingia dukani kwetu biharusi mtarajiwa na mfuko mkubwa wa nguo. Nguo zote mpya, nyengine bado zina karatasi za dukani. Mashaallah, amejitahidi. Tangu aposwe amepungua kilo 11, na sasa zile nguo za sanduku alizonunuliwa na mchumba wake hazimkai hata moja. Akatuuliza, "Dada zangu, hizi nizibane zote, au nianze kununua nyengine?" Harusi ilikuwa imebaki miezi miwili, na mwili bado unapungua.

Hatukumjibu siku ile ile. Tulimwambia aziache, arudi baada ya siku tatu. Sababu ni kwamba mmoja wetu hapa dukani alishapita njia hiyo hiyo, na alipita vibaya.

Huyo mwenzetu aliambiwa na daktari ana presha, apunguze mwili. Akaacha soda, akapunguza wali wa usiku, akawa anatembea kila baada ya alfajiri. Mwezi wa tatu nguo zikaanza kumpwaya. Kwa furaha akazigawa zote pana, akachukua shilingi 380,000 za mtaji wa vitambaa, akanunua nguo za mwili mpya. Mwezi wa sita na hizo zikampwaya. Akanunua tena, safari hii kwa pesa ya upatu iliyokuwa ya ada ya skuli. Baada ya hapo Mwenyezi Mungu akamruzuku mimba, alhamdulillah, na kabati zima likawa halimwingii. Hatumtaji jina, lakini ndiye aliyeshika kalamu.

Siku moja akiwa hana cha kuvaa akafungua sanduku la bibi yetu, Allah amrehemu. Ndani mlikuwa na kanga, kanzu mbili, baibui la zamani na suruali ya kamba. Akavaa, na kila kitu kikamkaa. Tukatoa picha za bibi. Siku ya harusi yake alikuwa mwembamba kama ufito. Sisi tulipokuwa wadogo alikuwa mnene wa kutosha, tunalala mapajani mwake wawili wawili. Alipougua miaka ya mwisho akakonda tena. Alinenepa na kukonda kuliko sisi sote, na sanduku lilikuwa lile lile moja. Hatukumbuki hata siku moja kumsikia akisema hana nguo ya saizi yake.

Hapo ndipo tukaanza kuuliza wazee na kusoma kidogo. Tulitaka kujua wanawake wa visiwa hivi walivaaje kabla ya nguo kuwa na namba. Leo tunawaletea tuliyoyapata, kwa sababu tunaamini yanaokoa pesa.

Kitambaa kilikuja kwa meli, mshono haukuja

Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Kimarekani akawa ameshafika Unguja. Wafanyabiashara wengi walitoka mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Walileta kitambaa cha pamba kigumu, cheupe kisichopaushwa, na watu wetu wakakiita merikani. Kikitiwa rangi ya nili kinakuwa kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani, kuanzia 1861 mpaka 1865, merikani iliadimika, na nguo za Bombay na za Uingereza zikachukua nafasi.

Mwanamke wa kawaida alikuwa anakata urefu wake, anafunga chini ya makwapa, basi. Hakukuwa na kola wala zipu wala kiuno. Tusije tukaipamba hadithi hii, kwa sababu wengi waliovaa hivyo walikuwa watumwa, na hawakuchagua. Kaniki na merikani zilikuwa nguo za asiye na chake. Kufunika kichwa kwa heshima kulikuwa mambo ya waungwana.

Mabibi wa majumba makubwa walivaa vingine. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza mavazi yao katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886. Vazi la mwanamke lilikuwa kanzu ya kufika miguuni, suruali, na kitambaa cha kichwani. Tofauti ya tajiri ilikuwa kwenye hariri na mapambo. Kanzu inateremka kutoka begani bila kushika kiuno, na suruali inafungwa kwa kamba. Kwa hiyo bibi wa kasri na mjakazi wake, waliotofautiana kwa kila kitu, walifanana kwa jambo moja: nguo zao hazikuuliza kilo.

Kanga, doti moja kwa miili yote

Nusu ya pili ya karne ile wanawake wa pwani walianza kununua vitambaa vya leso vilivyokuja kwa jora. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Badala ya kukata moja moja, walichukua vipande na kuviunga vikawa nguo moja kubwa. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Huo ndio mwanzo wa kanga yenye pindo na mji, na baadaye ikapata na jina, yale maneno yake.

Mwaka 1897 utumwa ukapigwa marufuku Unguja na Pemba. Wanawake waliokuwa wakifungwa kaniki wakavua kaniki. Walipopata kipato chao wenyewe, kitu cha mwanzo wengi walichotaka kilikuwa doti ya kanga, mmoja wa kujifunga na mmoja wa kujitanda kichwani. Fikirini hilo, shoga zetu. Ule ushungi tunaouchukulia jambo la kawaida, kwa wengi wao ulikuwa alama ya kwamba sasa yeye ni mtu, ana stara yake, hakuna wa kumvua.

Kanga ina kama mita moja na nusu kwa urefu na zaidi kidogo ya mita moja kwa upana. Kipimo hicho hakibadiliki. Mwembamba anazungusha mara moja na nusu, mnene anazungusha mara moja na kidogo. Aliyejifungua jana anajifunga tumbo kwa kanga hiyo hiyo aliyoendea ngomani mwaka jana. Biharusi anavikwa kisutu, na kisutu hicho atakivaa mwili wowote atakaokuwa nao mpaka kizeeke.

Baibui lilipoenea mwanzoni mwa karne ya ishirini lilifuata njia hiyo hiyo. Lile la zamani, la kamba, lilikuwa kitambaa cheusi kipana unachokifunga kichwani na kukikusanya kwa mikono. Mama angeweza kumpa binti yake bila kupita kwa fundi.

Cherehani na swali la kiuno

Cherehani tunaipenda, ndiyo inayotulisha. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake Marekani mwaka 1851, na kampuni yake ikaanza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Mashine zikaenea dunia nzima, zikafika na kwetu. Mji Mkongwe ukawa na mafundi wa Kihindi na wa Kigoa, na wengine walioshonea barazani. Kanzu zilishonwa haraka zaidi, na gauni la kukatwa kwa mwili likaingia.

Gauni ndilo nguo iliyoleta swali jipya: kiuno chako inchi ngapi? Si swali baya. Gauni lililokaa vizuri linapendeza, na mume wako ana haki ya kukuona umependeza nyumbani. Lakini tangu siku hiyo kazi ikageuka. Kabla yake nguo ndiyo ilikuwa inaufuata mwili. Baada yake mwili ukaanza kutakiwa kuifuata nguo.

Hata hivyo mama zetu walikuwa na akili. Waliokuwa watu wazima miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini wanakumbuka shida. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula mengi, karafuu bei imeshuka, na kitambaa ni cha kupanga foleni. Gauni lilikatwa likiwa na akiba ya kitambaa ndani ya mshono, na pindo la chini linakunjwa mara mbili. Ukinenepa linaachiwa, ukikonda linabanwa. Likichakaa juu linakuwa sketi, sketi ikichakaa inakuwa gauni la mtoto, na mwisho ni foronya. Sisi tuliolala juu ya foronya hizo tunajua.

Namba ilitoka wapi?

Miaka ya 1984 na 1985 biashara ikafunguliwa na mitumba ikaingia kwa wingi. Neno lenyewe ni mtumba, furushi la bidhaa. Nguo zikawa rahisi, na hilo lilikuwa nafuu kubwa kwa wengi. Pamoja na nguo ikaja namba kwenye kola: 10, 12, 14, 16. Mwanamke wa Unguja akaanza kusema "mimi ni kumi na nne", kana kwamba ni umri wake.

Namba hizo zina historia fupi. Mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo zaidi ya 50, ili viwanda vipate saizi za pamoja. Hesabu ya mwisho ilitumia wanawake wa Kizungu peke yao. Mwaka 1958 ikatoka saizi rasmi, na mwaka 1983 ikafutwa, maana haikulingana na miili ya watu. Tangu hapo kila kiwanda huko kinajipangia chake. Ndiyo sababu unaingia "14" ya kampuni hii na unakwama kwenye "14" ya kampuni ile, na wewe unarudi nyumbani umejichukia.

Tunaliandika hili kwa herufi ya kawaida lakini tungependa lisomwe mara mbili: namba ile haikupimwa kwako, wala kwa mama yako, na hata kule ilikopimwa walishaiacha.

Sasa tazameni abaya za Dubai na Omani. Namba zake ni 52, 54, 56, 58, 60. Wengi wanadhani ni unene. Ni urefu, inchi kutoka begani mpaka chini. Ukipungua kilo 20, abaya yako ni namba ile ile, kwa sababu urefu haukondi. Na dera, lililotujia kwa Wasomali, halina namba kabisa. Kwa hiyo sanduku la bibi bado lipo madukani. Tumelisahau tu tulipoanza kushindana na kiuno.

Tunalolifanya sasa dukani

Kutokana na yote haya tumejiwekea utaratibu kwa wateja wanaopunguza mwili, na kwetu wenyewe.

Kwanza, ukiwa bado safarini usinunue nguo ya kiuno. Nunua ya bega na urefu. Abaya mbili, dera mbili, sketi moja ya lastiki au ya kujifunga, mitandio uliyonayo, na doti zako za kanga. Hizo zitakuvusha miezi yote. Ukitaka kubadilisha sura, badilisha mtandio. Mtandio haujui umepungua.

Pili, ukishonesha, mwambie fundi aache akiba. Hesabu yake ni rahisi. Gauni lina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kitambaa cha mbele na cha nyuma. Inchi moja ya ziada kila upande ni inchi nne kwa mzunguko mzima. Kitambaa kinachoongezeka ni kidogo, lakini nguo hiyo itakufuata ukipungua na ukirudi. Na ukibana, usikate kilichobaki ndani. Hili tunawaomba sana mafundi wenzetu. Mkasi hauna tauba.

Tatu, tazama bega. Ubavu unabanwa, kiuno kinabanwa, mkono unabanwa. Lakini mshono wa bega ukishateremka kwenye mkono, kubana ubavu hakutasaidia, nguo itakaa kama umeazima. Gharama ya kufumua bega, mkono na kwapa mara nyingi inakaribia gauni jipya. Kwa hiyo kabla hujalipa simama mbele ya kioo. Bega likiwa mahali pake, bana. Likiwa limeanguka, iweke pembeni.

Nne, usigawe kila kitu kwa furaha. Chagua nguo tatu pana nzuri uziweke. Kuna mimba, kuna kunyonyesha, kuna dawa zinazonenepesha, kuna kuugua. Kurudi kwa mwili si aibu, na kurudi huko ukakuta huna cha kujistiri ndiyo tabu. Zilizobaki toa sadaka zikiwa bado nzuri, usingoje zichakae.

Tano, usishone nguo ya mwili unaoutamani. Tuna wateja walioshona gauni dogo "linisukume". Linaning'inia kabatini kama anayekudai. Kila ukifungua mlango linakuuliza umefika wapi. Shona ya mwili aliokupa Mola leo.

Na kwa mabiharusi: kipimo cha mwisho kiwe wiki mbili kabla ya harusi, si miezi mitatu. Gauni lako tunaliacha mishono ya ubavu kwa uzi mrefu mpaka siku hiyo. Mgongoni weka kamba za kukaza badala ya zipu, ndani kukiwa na kipande cha kitambaa cha kuziba mwili, na juu joho au mtandio wa kufunika. Mwambieni na mchumba: sanduku lijazwe vitambaa, kanga, abaya, mitandio na manukato. Nguo za kubana atanunua akishakuona mkeka umekunjwa na wageni wameondoka.

Zaidi ya pesa

Tulipokuwa tunaandaa makala hii tulirudi kwenye Suratul Aaraf, aya ya 31. Mwenyezi Mungu ameyataja pamoja mapambo yetu ya ibada, kula na kunywa, kisha akakataza israfu. Sisi tulikuwa tunaisoma kwa upande wa chakula tu. Mwenzetu aliacha israfu ya sahani akaihamishia kabatini, na ada ya mtoto ikalipwa kwa kuchelewa. Alipoligundua hilo alilia.

Hatusemi turudi kuvaa kaniki, wala hatusemi bibi zetu walikuwa na maisha mepesi. Wengine walikuwa na doti mbili kwa sababu hawakuweza kununua ya tatu. Tunachosema ni kwamba walijua kitu kimoja ambacho sisi tumekisahau: mwili wa mwanamke haukai mahali pamoja. Unazaa, unanyonyesha, unafunga, unaugua, unapona, unazeeka. Kwa hiyo walichagua nguo zinazokubali kubadilika, na mwili wakauacha upumue.

Biharusi wetu alirudi baada ya siku tatu. Tulizitandaza nguo zote mezani. Magauni manne yalikuwa na mabega yaliyoanguka, tukamshauri ayapeleke kwa dada yake mnene kidogo, naye akafurahi. Matatu tuliyabana ubavuni bila kukata ndani. Abaya zote tatu zilikuwa za urefu wake, hazikutaka chochote. Hakununua nguo hata moja. Pesa aliyokuja nayo alinunua kisutu, na iliyobaki akamrudishia mama yake.

Alipokijaribu hapo dukani, shungi alijitanda mwenyewe. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Akatwambia kisutu chake yeye bado anacho, na kinamkaa.

Allah atujaalie afya, atustiri duniani na akhera, na awabariki mabiharusi wetu wote. Amin.